Nipe Mpaka Msimu Uishe

"Shikamoo, kikongwe mzuri!"

Mama aliyekuwa akipanga mafungu ya bamia aliinua uso taratibu. Hakuwa amefikisha hata miaka arobaini na mitano, na asubuhi hiyo alikuwa ametoka kusukwa nywele. Akasimama, akakaza kitenge kiunoni.

"Umeniitaje wewe?"

"Kikongwe," kijana wa Kihindi akarudia kwa unyenyekevu, kiganja kifuani. "Naomba bamia, kikongwe."

Jumapili soko la Kahama huwa halina pa kutia mguu. Wauza nyanya wakageuka, wanadi mitumba wakanyamaza, na wachimbaji wawili waliotoka machimboni na vumbi lao wakasogea karibu wasikose uhondo. Kijana alikuwa mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mistari imesimama, kalamu mbili mfukoni. Alizitazama zile nyuso asijue kosa lake ni lipi.

Rhoda alikuwa akichagua bilinganya meza ya jirani, amevaa gauni lake la kitenge cha rangi ya chungwa, lile la mabega yaliyovimba. Alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akamhurumia.

"Mama, msamehe, hajui," alisema akipenya katikati yao. "Na wewe kaka, kikongwe ni bibi kizee aliyebakiwa na meno mawili. Huyu mwite mama. Nani kakufundisha hayo?"

"Athanas. Anafanya kazi kwangu, mashine namba tatu. Alisema hii ni heshima kubwa sana."

"Athanas mwenye mwanya? Msabato?"

"Ndiyo! Unamjua?"

"Nimemlea mimi. Ni mdogo wangu. Leo atalala na njaa."

Mama wa bamia naye akacheka, hasira zikamwisha, akamwongezea kijana fungu zima la bure. Kijana akaliweka mfukoni mwa suruali kwa kukosa mfuko. Aliitwa Sanket. Alikuwa na wiki tatu tu nchini.

Alitoka Rajkot, India, kwa mkataba wa miaka miwili, kusimamia mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kilichopo barabara ya kwenda Isaka. Rhoda na Athanas nao walikuwa wageni kwa namna yao. Mama yao alipofariki kule Kasulu, Rhoda, akiwa na miaka ishirini, alimshika mkono mdogo wake wakaja kutafuta maisha Kahama, mji ambao kila wa pili unayekutana naye ametoka kwingine. Athanas alipata kazi kwenye mashine. Rhoda alikaa banda la nyuma na wanawake wenzake, akishona vitambaa vya kufungia marobota kwa shazia, ile sindano nene ya magunia iliyomwachia sugu kwenye kidole gumba.

Mwenye kiwanda alikuwa Mzee Liaquat. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka ng'ambo, yeye alizaliwa Shinyanga, na akisimama getini kuwapokea wakulima, "Mwadila, mayu! Mwadila, baba!" hujui kama unamsikia Mhindi au Msukuma wa Ushetu. Misiba ya wafanyakazi hakukosa hata mmoja. Mafundi wake wanne kutoka India aliwaweka kwenye nyumba iliyo ndani ya ukuta wa kiwanda, na mpishi wao. Sikukuu zikifika, familia za wenye maduka, Waislamu kwa Wahindu, ziliwaletea sahani za vitu vitamu. Siku nyingine zote maisha yao yalianzia kwenye mashine yakaishia kitandani.

Sanket alianza kupita banda la nyuma kila mapumziko ya mchana, ati anakagua vitambaa.

"Rhodaben," alikuwa akimwita.

"Ben ndiyo nini?"

"Dada. Heshima."

"Nina mdogo mmoja tu, na ananitosha."

Wanawake wakapiga vigelegele. Philomena, aliyeshona pembeni yake na kufanya usafi ofisini jioni, akamfinya paja. Toka siku hiyo lile "ben" likaanguka. Akawa Rhoda tu, na lilivyotoka mdomoni mwake, lile jina fupi lilikuwa na urefu wake.

Jioni simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ugali na dagaa."

"Rhoda! Dagaa ana mama yake."

"Na bamia haina mama?"

"Bamia haina macho. Haikutazami."

"Basi nitafumba yangu wakati wa kula."

Walicheka hivyo kila jioni. Sanket hakula nyama kwa sababu ya imani yake, Rhoda hakufanya kazi Jumamosi kwa sababu ya yake, na kila mmoja alimtania mwenzake. Siku ya mapumziko walitembea mpaka stendi kuangalia mabasi, au walikaa kwa muuza juisi ya miwa. Rhoda alimfundisha kuwaamkia wazee kwa Kisukuma asubuhi, "mwangaluka". Sanket alimfundisha kusukuma chapati nyembamba. Athanas alijidai kununa.

"Dada, huyo si wa imani yetu."

"Najua."

"Na kwao hawaoi nje."

"Hilo nalo najua."

"Basi sawa. Mradi asijue kwamba lile la kikongwe nilitunga mwenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa hadi mwezi wa saba, pamba ilipofika. Msimu ule ulikuwa mkubwa; malori yalipanga foleni kutoka getini hadi barabara kuu. Mashine zilikula pamba mchana kutwa, na kila iliposongamana iliwabidi wasimame, wafungue nati nne, waondoe kifuniko cha chuma, watoe pamba, warudishe kifuniko, wafunge nati. Dakika ishirini zinapotea. Siku moja Mzee Liaquat alimwita Sanket kando.

"Toa vifuniko namba tatu, nne na tano. Tutavirudisha msimu ukiisha."

Jioni ile Sanket hakuuliza habari za dagaa.

"Rhoda, moyo wangu hautulii. Nimefungua vile vifuniko kwa spana yangu mwenyewe. Zile roli za mashine zinavuta. Zikishika nguo, zikishika mkono, haziachii. Nadhani kesho nimwambie narudisha."

Rhoda alikuwa akimenya vitunguu, simu kaibana kwa bega. Alijua kwamba pasipoti ya Sanket ilikaa kabatini kwa bosi, na kwamba kibali chake cha kazi kiliandikwa jina la kiwanda kile na si kingine. Bosi akikasirika, Sanket anapanda ndege.

"Usimuudhi mzee wa watu," alisema. "Msimu wenyewe miezi mitatu. Wenye mashine ni wao."

"Unaona hivyo?"

"Naona hivyo. Wewe waambie vijana wawe waangalifu."

Aliwaambia. Wiki mbili baadaye, Jumatano saa nane mchana, mlio wa kiwanda ulikatika ghafla. Wanawake wa banda la nyuma waliinua vichwa. Waliozoea mashine hushtushwa na ukimya. Rhoda alikimbia na shazia mkononi, uzi ukiburuzika nyuma yake. Alimkuta Athanas ameketi sakafuni juu ya pamba, Sanket kapiga magoti, kamkaza mkono wa kulia kwa shati lake mwenyewe, lile jeupe. Halikuwa jeupe tena.

"Dada," Athanas alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "nimeharibu pamba."

Hospitali waliuokoa mkono. Vidole vinne hawakuweza.

Rhoda alikaa kando ya kitanda siku ile na iliyofuata. Mzee Liaquat alikuja na matunda, akasimama, akatikisa kichwa, akaondoka. Wanawake wa bandani walikuja kwa zamu. Sanket hakuja. Kila mlango ulipolia Rhoda aligeuka, na kila mara aligeuka bure. Yeye ndiye aliyefungua vile vifuniko, akajisemea. Anaogopa kuuona mkono. Lile neno alilolisema yeye mwenyewe akimenya vitunguu alilisukuma mbali, lisimkaribie.

Jioni ya siku ya pili simu iliita. Jina la Sanket likawaka kwenye kioo. Aliitazama. Iliita mpaka ikakoma. Ikaanza tena. Athanas alikuwa amelala kwa dawa, na mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Mama, pokea, pengine ni ndugu." Hakupokea. Iliita mara saba. Mara ya saba aliilaza kifudifudi juu ya shuka, akaiacha itetemeke mpaka ikachoka. Na asikie utamu wa kungoja mtu, alijisemea.

Keshokutwa yake Philomena alikuja mbio, hata salamu hakumaliza.

"Rhoda, nimefuta meza ya ofisini, nimeiona karatasi. Wameandika Athanas alikuja kazini amelewa. Ati alifungua kifuniko mwenyewe. Na aliyesaini ni Sanket wako."

Athanas alisikia. Kijana asiyekunywa hata chai ya rangi, aliyewafundisha watoto nyimbo za Sabato, aligeuza uso ukutani. Yale ya vidole aliyavumilia. Hili halikuvumilika. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, habari ilikwishazunguka mtaa mzima. Wengine walikuja kumpa pole huku wakivuta pumzi kunusa. Jumamosi iliyofuata hakwenda kanisani. Wala ile nyingine.

Rhoda alimvizia Sanket getini. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa.

"Rhoda, nilikupigia. Walinizuia kutoka, mlinzi alikatazwa kunifungulia. Nilikupigia…"

"Simu ilikuwa imezimika. Haikuwa na chaji."

Sanket alimtazama. Akafumbua mdomo, akaufumba.

"Umesaini kwamba mdogo wangu ni mlevi," Rhoda akasema, na watu wakaanza kusimama. "Wewe uliyemfunga damu kwa mikono yako! Lakini nashangaa nini? Wewe si mtu wa hapa. Mkataba ukiisha unapanda ndege, sisi tunabaki na huu mkono. Usinipigie. Usipite kwetu. Nikikuona mlangoni nitakumwagia maji ya moto."

Sanket alisimama pale, kalamu zake mbili mfukoni, akipokea kila neno kama mtu anayepokea mzigo aliouagiza.

Wiki tatu zikapita. Rhoda aliacha kazi kiwandani, akawa anafua nguo za watu. Jumamosi moja alimbembeleza Athanas mpaka akakubali kwenda kanisani, wakakaa benchi la mwisho, mkono wenye bandeji umefichwa ndani ya koti. Katikati ya matangazo mlango wa nyuma ulifunguliwa.

Sanket alisimama kizingitini. Aliinama, akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani, kwa kuwa kwao mtu haingii na viatu mahali pa Mungu. Akatembea na soksi katikati ya kanisa zima. Soksi moja ilitoboka kidole. Watoto wakaanza kucheka, mama zao wakawafinya. Alimnong'oneza mzee wa kanisa, mzee akamtazama sana, kisha akampisha.

"Shikamooni wote," alisema. "Mimi naitwa Sanket. Mimi si wa dini yenu, samahani. Athanas hakunywa pombe. Athanas hakufungua kifuniko. Mimi nilifungua, kwa spana yangu. Bosi alisema, na mimi nilijua ni vibaya, nikafungua. Halafu niliandika uongo, nikasaini jina langu. Alhamisi nimekwenda kwa ofisa kazi, nimeandika upya, ukweli. Lakini karatasi ya ofisi haifiki hapa. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Akamtafuta Athanas kwa macho mpaka akamwona. "Ndugu yangu, nisamehe."

Athanas alisimama, akautoa mkono wa bandeji kwenye koti mbele ya watu wote, akaenda mpaka mbele na kumkumbatia kwa mkono wa kushoto.

Nje, chini ya paa la bati la jiko la kanisa, Rhoda alimkuta akivaa viatu.

"Mbona hukuja hospitali hata baadaye?" Hilo ndilo lililomtoka, la kwanza.

"Nilikwisha saini. Ningekuja na uso gani?" Alifunga kamba polepole. "Jioni ile, karatasi ilikuwa mezani. Liaquatbhai alinipa mpaka asubuhi. Nilikupigia uniambie nisisaini. Nilijua jibu. Nilitaka tu nisikie sauti yako ikisema, nipate nguvu."

Mara saba. Rhoda alitaka kumwambia ukweli. Badala yake akasema, "Ile simu na chaji yake," akatazama pembeni.

Mkataba ulivunjwa Jumatatu. Mzee Liaquat alimrudishia pasipoti bila kumtazama usoni, na kibali kikafa na mkataba. Athanas alilipwa haki yake kwa mujibu wa sheria, na wakaguzi wa serikali walipokuja, vifuniko vyote vilikuwa mahali pavyo. Sanket alipewa siku nne za kuondoka nchini. Siku hizo hawakulaumiana. Walikunywa juisi ya miwa, Rhoda alimpikia chapati nyembamba zilizotoboka, na kila mmoja alizungumza habari zisizohusu kuondoka.

Asubuhi ya basi la Mwanza Sanket alivaa tena shati jeupe, jipya. Rhoda alivaa gauni la chungwa. Stendi ilikuwa na kelele zake.

"Rhoda," alisema, "mimi sijui maneno mazuri ya Kiswahili ya jambo hili. Uwe mke wangu. Nitawaambia wazazi. Watakasirika, watanyamaza, watazoea. Njoo."

Konda alikuwa akigonga bodi la basi. Rhoda aliukamata mkono wake wenye alama za grisi zisizotoka.

"Athanas hawezi hata kufunga vifungo vya shati. Nitamwachaje? Nipe mpaka msimu uishe."

"Mpaka msimu uishe," alirudia. Akatikisa kichwa kile cha Kihindi ambacho hujui kama ni ndiyo au hapana, akapanda.

Rhoda alirudi nyumbani kwa miguu. Akakaa kitandani na gauni lake. Mtu yule alisimama na soksi iliyotoboka mbele ya kanisa zima akautoa uongo wake, na yeye alikuwa bado ameushika wake, mdogo, wa chaji. Ilipokaribia saa nne, basi likiwa pengine limefika Tinde, alimpigia.

"Sanket, nina neno. Siku ile simu yangu haikuzimika. Niliiona. Niliitazama ikiita mara zote saba, nikakuacha makusudi."

Mlio wa basi.

"Najua," alisema.

"Unajua? Toka lini?"

"Toka siku ileile. Simu iliyozimwa haiiti, Rhoda. Yako ilikuwa inaita."

Alilia mpaka akashindwa kuishika simu vizuri. "Na bado umeniomba niolewe nawe?"

"Sasa je? Wewe umenisamehe mkono mzima wa ndugu yako. Mimi nisisamehe simu?" Akashusha sauti. "Usilie. Kuna mama hapa amekaa na kuku, atadhani namtukana mtu."

Msimu uliisha. Sanket aliuliza. Rhoda akasema Athanas ndiyo kwanza anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, mpaka msimu ujao. Msimu ukaja, ukaenda. Simu za kila siku zikawa za kila Jumapili. Aliuliza mara ya pili, na Rhoda, ambaye alikwisha chukua fomu za pasipoti na kuzikunja chini ya godoro, akasema mvua zipite kwanza. Mara ya tatu hakuuliza. Alisema mama yake anaumwa, na kwamba kuna msichana mwalimu, wa mtaa wa kwao, na harusi itakuwa Februari. Alisema mwenyewe, kwa upole, kwa Kiswahili kilichoanza kusahau njia.

"Hongera," Rhoda alimwambia. "Mpende."

"Nitajaribu," alisema, na simu ikakatwa na mmoja wao.

Athanas alihamia Katoro, akafungua banda la vipuri vya pikipiki karibu na sokoni. Wateja walimpenda kwa utani wake. Alikuwa akiwaambia amebakiza dole gumba kwa ajili ya kuwasifia. Akaoa. Mtoto wa kwanza alipozaliwa Rhoda alikwenda kumwona. Mchana, shemeji yake akiwa jikoni, Athanas alimpakata mtoto kwa mkono wa kulia, akamfunga vifungo vya fulana kwa wa kushoto, kimoja baada ya kingine, haraka, wala hakutazama.

"Dada, sijawahi kukuuliza. Wewe na Sanket mlishindwana wapi?"

"Ningekuachaje, mdogo wangu? Hali uliyokuwa nayo."

Athanas aliacha kucheza na mtoto. "Vifungo nilivijua mwezi wa pili tu baada ya yeye kuondoka. Nilikuwa nafunga ukitoka, nafungua ukikaribia kurudi, kwa sababu niliona unapenda kunifunga. Sikuwahi kukuomba ubaki."

Rhoda alimchukua mtoto, akamweka begani, akampigapiga mgongo ingawa hakuwa analia. Nje pikipiki zilipita.

"Niliogopa," alisema mwishowe. "Kule mbali, watu nisiowajua, mama yake. Niliogopa, nikakusingizia wewe."

Lilikuwa neno la kweli, fupi, lisilohitaji chaji wala msimu, na mtu ambaye lingemfaa alikuwa Rajkot na mke wake.